"Jipe Moyo, Mama" Si Matibabu

Kuna imani iliyoota mizizi majumbani na hata wodini, kwamba mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi hana budi kuvunjika moyo, na kinachomfaa ni kuambiwa "jipe moyo, mama". Imani hiyo ina sura ya huruma, na kwa sura hiyohiyo inamnyima tiba. Huzuni ya kupokea majibu mabaya haina ajabu. Lakini anayemaliza wiki mbili na zaidi hana hamu ya lolote, halali, anajiona mzigo na kutamani kufa, huyo ana sonona, maradhi yenye jina na dawa.

Tazama yanayompata. Mionzi ya nyonga anayopewa kutibu saratani huzima ovari, hivyo mwanamke wa miaka 35 anakoma hedhi ghafla, na joto la usiku linamnyima usingizi. Uke unabana, tendo la ndoa linageuka maumivu, na mume (tusifichane) huenda akaanza kulala kwingine. Harufu ya uchafu unaomtoka inamfanya akwepe ibada na harusi. Mtaani nako wananong'ona: ugonjwa huu chanzo chake ni kirusi cha HPV, kirusi huambukizwa kwa ngono, basi alikuwa malaya. Hawasemi kwamba wengi wanaojamiiana hukipata wakati fulani, hata mke aliyemjua mume mmoja tu.

Watasema tuokoe uhai kwanza. Uhai wenyewe ndio ulio hatarini: mionzi yote, ya nje na ya ndani, inapaswa kukamilika katika wiki 8 hivi, na kila siku inayozidi hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe. Aliyetoka Kigoma kuja hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akakata tamaa wiki ya tatu na kupanda basi kurudi kwao, ameikosa tiba kwa sababu ya sonona. Wataalamu wa afya ya akili hawatoshi? Kweli. Lakini hojaji ya kupima sonona, PHQ-9, maswali 9 tu, ipo kwa Kiswahili, na nesi anaweza kumuuliza mgonjwa akiwa kwenye foleni ya mashine ya mionzi. Dawa za sonona, fluoksetini na amitriptilini, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO). Hiyo ya pili hutumika pia kutuliza maumivu ya neva ya wagonjwa wa saratani. Dua nayo hufariji, wala sitaki mtu aiache. Ila kipimo cha damu kikionyesha mgonjwa amepungukiwa, hakuna anayemwambia ajipe moyo; anaongezewa damu, kisha anaendelea na mionzi.