Daftari la Wiki: Ngoro Katika Daftari la Hesabu

Jumatatu. Mvua ya Machi haijatuacha. Nimeketi dawati la nyuma, darasa la tano, katika shule moja ya milimani Mbinga. Somo ni Hisabati, mada ni eneo na mzingo. Mwalimu kachora mraba ubaoni, upande mita 5, na darasa zima linanakili. Mtoto aliye mbele yangu kamaliza mapema. Ndani ya mraba wake kaongeza matuta manne yanayokutana pembeni, katikati kaacha shimo, na juu ya kila tuta katia vistari vifupifupi.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Shikamoo. Ni ngoro. Mama analima leo."

"Marahaba. Na vistari hivi?"

"Majani. Tunayafukia, yanaoza chini ya tuta."

Sikuwa na swali lingine. Kilimo kizima cha Wamatengo wa milima hii kilikuwa kwenye ukurasa ule. Majani hufyekwa, huachwa yakauke, hupangwa miraba miraba mlimani, kisha udongo huchimbwa katikati na kuyafunika. Shimo linalobaki hukamata maji ya mvua na udongo unaoporomoka. Maharage hupandwa Machi hii juu ya matuta, na mahindi hufuata mvua za Novemba na Desemba. Miteremko ya Umatengo ni mikali. Pasipo ngoro, rutuba ingekuwa imeshuka mtoni zamani. Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kyoto, Japani, walikuja kuusoma ufundi huu kwenye miaka ya 1990. Huyu wa darasa la tano anao nyumbani, na shimo la mama yake lina mzingo, lina eneo, lina kina. Natamani mwalimu apewe nafasi ya kulipeleka darasa shambani na futikamba, hata kwa kipindi kimoja tu.

Jumanne. Wazazi wananiuliza juu ya mtaala mpya. Ulianza Januari 2024, na elimu ya msingi sasa inakwenda kuwa miaka sita. Walioingia darasa la tatu mwaka ule watamaliza 2027 wakiwa la sita, pamoja na kaka na dada zao wa la saba. Makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028. Madawati yaanze kuchongwa sasa.

Jumatano. Nimeteremka hadi Mbamba Bay. Kwa lami, safari iliyokuwa ikila siku nzima wakati wa masika sasa inakwisha kabla jua halijawa kali. Darasa la nne wanasoma Sayansi, uzazi wa wanyama, na mifano ya mwalimu ni kuku na ng'ombe. Nje ya dirisha kuna Ziwa Nyasa, lenye kina kinachofika mita 700 na aina za samaki zinazohesabika kwa mamia, nyingi zisizopatikana penginepo duniani. Wengi wao hubeba mayai na vifaranga kinywani mpaka viweze kujitegemea. Mbasa naye huliacha ziwa akapanda Mto Ruhuhu kwenda kutaga. Watoto hawa wamewapara samaki hao kwa mikono yao. Nilipomwomba mwalimu awaulize, mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko madawati.

Alhamisi. Liuli. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lina bahati hapa, kwa sababu historia imekaa ufukweni. Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilikuja kuishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ni miongoni mwa mapigano ya mwanzo kabisa ya Vita Kuu katika Afrika Mashariki. Wazee nao wana historia yao, ya Jiwe la Pomonda na watu waliojificha humo wakiwakimbia Wangoni. Ningependa hizo mbili zifundishwe siku moja, na mzee aalikwe kusimulia ya pili.

Mtoto mmoja aliuliza kwa nini wenzetu wa ng'ambo huliita Ziwa Nyasa hili Ziwa Malawi. Mwalimu alimjibu vizuri: nyasa lenyewe ni neno la wenyeji, maana yake ziwa. Darasa likacheka kugundua kwamba siku zote tunasema "Ziwa Ziwa".

Ijumaa. Sokoni, kando ya vichanja vya kuanikia samaki. Binti wa darasa la kwanza, sare bado mwilini, amesimama mbele ya kibao kilichoandikwa kwa mkaa: USIPA MKAVU. Kidole kinatembea chini ya herufi. U. Si. Pa. Akarudia kwa haraka, "Usipa!", akageuka kumtazama mama yake aliyekuwa akigeuza usipa huohuo juani.

"Na hilo lingine?" mama akauliza.

Binti akalitazama kwa muda mrefu. "Hilo bado, mama. Mwalimu hajatufikisha."