MAONGEZI YA MFUGAJI: Ufupi wa Ng'ombe na Hatari Yake

Wiki hii twapenda kusema na wenzetu wafugao ng'ombe ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, juu ya jambo lionekanalo jema nalo lina hatari ndani yake. Jambo lenyewe ni kumchagua fahali kwa ufupi wake.

Sababu ya kumpenda ng'ombe mfupi yajulikana. Mahali palipokuwa na minazi na nyasi chini yake leo pana nyumba, na mwenye ng'ombe wawili watatu sharti akate majani kando ya barabara na kuyachukua kichwani. Ng'ombe mdogo hushiba kwa machache. Basi akizaliwa ndama dume mwenye miguu mifupi kuliko wenzake, mwenyewe hufurahi, akasema huyu ndiye wa kuwekwa kwa mbegu. Twamsihi angoje kidogo.

Udogo wa ng'ombe si wa namna moja. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye nundu, afugwaye na Waduruma, Wadigo na wenzao tangu zamani, ni mdogo kwa asili; lakini mtazame: miguu yalingana na kiwiliwili, kichwa chalingana na shingo. Huyo hana kasoro. Mwingine ni mdogo kwa kuwa maziwa ya mama yake yaliuzwa yote, au minyoo imemdhoofisha; huyo amedumaa tu, na watoto wake wakilishwa vema watakua. Wa tatu ndiye kibeti wa kuzaliwa, ambaye mifupa yake haikui ipasavyo, na kasoro hiyo huwarithisha watoto wake.

Mfano ulio wazi watoka Ireland. Huko kusini-magharibi ilitokea aina ya ng'ombe wadogo waitwao Dexter, wenye maziwa mazuri hata katika malisho hafifu, wakapendwa sana na wakulima wa mashamba madogo. Baadhi yao wana miguu mifupi mno. Fahali mfupi akimpanda jike mfupi, basi katika mimba nne, kwa kadiri, moja huharibika, ndama akatupwa kabla ya miezi kutimia. Mbili huwa ndama wafupi kama wazazi wao, na moja ndama wa miguu ya kawaida. Maana ufupi ule ni nusu ya ugonjwa: aliyeurithi kwa mzazi mmoja huishi, aliyeurithi kwa wote wawili hufa. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza kwamba wameigundua kasoro yenyewe katika chembe za urithi, na siku hizi mwenye Dexter aweza kupeleka nywele za ng'ombe wake zikapimwe. Mwenye busara humpandisha mfupi kwa mrefu, na hapo ndama wa kufa kwa kasoro hiyo hapatikani.

Kasoro ya Dexter ina nafuu, kwa kuwa yaonekana kwa macho. Ziko nyingine zijifichazo. Huko Marekani, katika miaka ya 1940 na 1950, wenye ng'ombe wa nyama wa aina ya Hereford walipenda mafahali wanene wafupi na kuwatunza zawadi katika maonyesho. Wakaanza kuzaliwa ndama vibeti, wenye tumbo kubwa na pumzi ya kukoroma, na wengi walikufa mapema. Baba zao walikuwa wazima, tena wazuri wa kutazamwa. Lakini kasoro ilikuwa imelala ndani yao, ikingoja kukutana na mwenzake kwa upande wa mama. Koo nzima zilizokuwa na sifa zikakataliwa na wanunuzi.

Hatusemi kwamba ng'ombe wa Pwani wana kasoro hizo. Twasema kwamba desturi ya fahali mmoja kwa mtaa mzima ndiyo njia nyepesi ya kuamsha kasoro yoyote iliyolala. Tuseme yuko fahali Mtongwe mwenye kasoro ya namna hii ya pili, na majike aliowakuta hawana. Watoto wote watatoka wazima, ila nusu yao wataibeba kimya. Miaka mitatu yapita, fahali yungali papo hapo, awapanda binti zake. Hapo katika ndama wanane, kwa kadiri, mmoja atakuwa kibeti. Kwa tajiri wa ng'ombe mia hilo ni jambo dogo. Kwa mtu mwenye ng'ombe wawili ni msiba, maana ng'ombe wa kienyeji aliyefiwa na ndama mara nyingi hukataa kukamuliwa.

Tena liko lililo zito kuliko maziwa. Ndama wa Dexter aliyetupwa ana sura ya kutisha: uso umebonyea, ulimi umetoka nje, miguu kama vigutu. Kitu kama hicho kikikutwa zizini alfajiri, watu huanza kunong'ona juu ya jirani, hasa akiwa mzee akaaye peke yake. Nasi watu wa Pwani twajua minong'ono hiyo imeishia wapi. Wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Kabla ya kumtaja mtu, na waulize fahali alikuwa nani, na mama wa ndama alizaliwa na nani. Wala mimba iliyotupwa isishikwe kwa mikono mitupu, kwa kuwa yako magonjwa ya kutupa mimba yampatayo na mwanadamu. Aitwe Bwana Daktari wa Mifugo aangalie.

Fahali na aondolewe kabla binti zake hawajafikia kupandwa, yaani baada ya miaka miwili hivi. Wa Mtongwe na abadilishwe na wa Mwakirunge au wa Chaani, baada ya kupimwa damu, asije akaleta ugonjwa mahali pa kasoro. Mwenye uwezo aweza kutumia mbegu za kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946. Ndama dume aliye mfupi kupita kiasi na ahasiwe, anenepeshwe, auzwe kwa nyama. Na aliyezaa kibeti asimlaumu jike peke yake, kwa kuwa katika kasoro zilizolala wazazi wote wawili wanayo: jike aweza kuendelea kukamuliwa, akapandwa na fahali wa ukoo mwingine, lakini mtamba wake asiwekwe kwa mbegu. Daftari la bei ndogo latosha kuandika haya yote: jina la fahali, siku ya kupanda, na ndama alivyozaliwa.