Gemu ikiganda, usikimbilie kulaumu mtandao

Pita kwenye kibanda cha gemu jioni, katika mji wowote mdogo wenye umeme, utasikia lawama ileile: mtandao leo mbovu. Mchezaji amebonyeza pedi apige shuti, picha imesimama, na inaporudi mpira uko kwa mpinzani. Mwenye kibanda anaongeza bando. Kesho yake hali haijabadilika, ananunua laini ya kampuni nyingine. Ujumbe wa namna hii hutufikia kwenye kipindi mara kwa mara, na karibu wote wanauliza mtandao upi una kasi. Tunapowauliza ni gemu gani, mara nyingi jibu ni gemu ya mpira ya zamani iliyopakiwa ndani ya kompyuta, ambayo haitumii intaneti hata kidogo.

Hapo bando halina kosa. Kompyuta yenyewe ndiyo inayokufa taratibu, na mwenyewe anatumia fedha kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Jambo hili limekuwa na uzito zaidi kwa sababu mbili zilizotokea mbali na vijiji vyetu. Ya kwanza: Oktoba 14, 2025, Microsoft iliacha kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inayoichukulia nafasi inakataa rasmi kompyuta nyingi za zamani, zikiwemo karibu zote zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Ofisi za nchi tajiri zinapobadilisha mashine, za zamani hutafutiwa soko, na maduka ya mitumba ya Afrika Mashariki ni sehemu ya soko hilo. Ya pili: kuelekea mwisho wa 2025 bei ya RAM ilipanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya Crucial, chapa yake ya RAM na diski kwa wateja wa kawaida. Maana yake kwa kijana mwenye kibanda ni kwamba mashine chakavu zinapatikana, lakini kipuri cha kuifufua kinauma mfukoni. Ukikosea kujua kilichoharibika, umenunua kipuri cha bei na gemu bado inaganda.

Tuseme pia kwamba Windows 10 kuachwa hakuifanyi kompyuta iwe nzito. Inachokosa ni kinga mpya dhidi ya virusi na wadukuzi, na hilo ni tatizo lake. Fundi akikwambia mashine imekuwa nzito kwa sababu Windows yake imekufa, mwulize kwanza kama ameipima diski.

Kipimo cha kwanza hakigharimu kitu. Zima intaneti kabisa, kisha fungua gemu isiyohitaji mtandao. Ikiendelea kuganda, mtandao umeshajitetea. Hata dalili zenyewe hutofautiana. Mtandao ukiwa mbovu kwenye gemu ya mtandaoni, picha huwa laini lakini wachezaji wengine wanarukaruka kutoka hapa hadi pale, au unapiga na pigo linafika limechelewa. Mashine ikiwa mbovu, picha nzima inasimama, sauti inakatikakatika kama redio yenye mawimbi hafifu, na hata mausi inakwama.

Ikiwa ni mashine, angalia inaganda wakati gani. Inayoanza vizuri kisha ikachoka baada ya dakika kumi na tano au ishirini huwa na joto. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi zisiungue, na gemu ndiyo kazi inayozichemsha kuliko barua na hesabu. Kwetu adui ni vumbi. Linajaa kwenye feni na kuziba matundu, wakati ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea inakauka kwa miaka. Zima mashine, chomoa waya, shika feni isizunguke, kisha safisha kwa brashi laini na kavu. Kupaka dawa upya ni kazi ndogo kwa fundi. Laptopu isiwekwe juu ya godoro wala kitambaa, maana hewa inaingilia chini. Simu yako nayo hufanya hivyohivyo: ukicheza huku inachaji ndani ya kava zito, inapata moto na kupunguza kasi.

Inayoganda ghafla kwa sekunde kadhaa, ikaachia, ikaganda tena, hata ukifungua folda tu, tunaishuku diski. Kompyuta nyingi za mitumba bado zina diski ya kizamani yenye sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Sehemu za sahani zikichakaa, kompyuta hurudia kusoma mahali palepale na kila kitu kinasubiri. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu iliyoandikwa Disk. Ikikaa kwenye asilimia 100 wakati hufanyi kazi nzito, umepata mshukiwa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itasoma kumbukumbu za afya ya diski: njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Ukisikia mlio wa tik, tik, tik, usisubiri rangi yoyote.

Hapa tunaomba msikilizaji atulie kidogo, kwa sababu gemu ni hasara ndogo. Vibanda vingi jioni ni vya gemu lakini mchana ni stesheni: vinachapa mitihani ya shule, barua za kuomba kazi, mihutasari ya vikundi vya akiba, picha za harusi. Vyote viko kwenye diski ileile. Kuganda kwa gemu huenda ndiyo taarifa pekee utakayopewa kabla haijazima moja kwa moja. Kwa hiyo hamisha mafaili kwanza, hata kwa fleshi ya kuazima, ndipo uanze kutengeneza. Na diski mbovu usiifomati ukidhani itapona. Badilisha, na ukiweza weka SSD, ambayo haina kinachozunguka. Kwa maoni yetu, ukiwa na fedha ya kipuri kimoja tu kwenye mashine ya namna hii, anza na hicho.

Umeme nao una lake. Laptopu iliyotengenezewa chaja ya wati 65 ikipewa ya wati 45 inaweza kupunguza kasi ili ijitosheleze. Kompyuta ya mezani inayozima au kujiwasha upya pale gemu inapopamba moto tu, huenda sanduku lake la umeme limechoka. Hilo lisifunguliwe na asiye fundi. Hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

Kuna wakati ubovu hudanganya. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikipokea umeme kupita kiasi na kuharibika. Gemu zilikuwa zinajifunga, na ujumbe kwenye skrini ukidai kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha haitoshi, wakati kadi ilikuwa nzima. Intel ilitoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka 2, lakini marekebisho hayakuponya prosesa iliyokwisha kuumia. Hizo zilikuwa mashine za gharama. Ndiyo maana tunasisitiza kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa kuazima kabla ya kununua: RAM ya mwenzako, chaja ya jirani, waya mwingine wa diski.

Kwa anayejiandaa kununua mtumba, kuiona inawaka hakutoshi. Nenda na fleshi yenye gemu utakayochezesha, omba icheze nusu saa dukani, na mtazame CrystalDiskInfo pamoja na muuzaji. Programu hiyo huonyesha pia saa ambazo diski imefanya kazi. Saa 20,000 ni zaidi ya miaka miwili ya kuwaka mchana na usiku. Kama ni laptopu, chomoa chaja katikati ya gemu uone betri inakaa muda gani. Kisha risiti iandikwe aina ya prosesa, ukubwa wa RAM na siku za kurudisha.