Sala Iliyohama Nyumba

Mkristo aweza kuwaombea maskini wa mji kila Jumapili, na sala yake isipite hata siku moja katika mtaa wanaokaa. Itoke kanisani, iende mbinguni, irudi kanisani. Wengi wameridhika na sala ya namna hiyo. Toyohiko Kagawa, Mjapani wa mji wa bandari wa Kobe, hakuridhika nayo.

Mkesha wa Krismasi mwaka 1909 alikusanya vitu vyake vichache akahamia Shinkawa, mtaa wa maskini wa mji ule. Alikuwa na umri wa miaka 21, mwanafunzi wa chuo cha dini, na kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kumdhoofisha sana. Chumba alichopanga kilikuwa kidogo kama futi sita kwa sita. Majirani walikuwa wachukuzi wa bandarini, vibarua wasio na kazi ya kudumu, waombaji, wacheza kamari na wanawake waliouza miili yao. Hakuwafungia mlango. Mgonjwa aliyeomba pa kulala alilala naye. Aliyeomba nguo alipewa. Kwa kukaa hivyo aliambukizwa trakoma, ugonjwa wa macho uliomtesa maisha yake yote na kukaribia kumpofusha.

Jambo moja la Shinkawa lazidi mengine kwa uchungu. Walikuwako watu waliopokea watoto wachanga wasiotakiwa na wazazi wao, wakalipwa fedha kidogo za malezi, kisha wakawaacha wafe kwa njaa. Kagawa alifahamu kwamba wauaji hao nao walikuwa na njaa. Maombi ya alfajiri na bakuli la uji havikutosha. Akimzika mmoja, wa pili alikuwa mlangoni. Basi akaanza kuuliza maswali ambayo wahubiri hawakuzoea kuyauliza: Je, mchukuzi hulipwa nini kwa siku? Mchele huuzwa bei gani, na ni nani apandishaye bei hiyo?

Alikwenda kusoma Princeton, Marekani, mwaka 1914, akarudi 1917 moja kwa moja Shinkawa. Mwaka uliofuata bei ya mchele ilipanda kupita kiasi, na watu wakafanya ghasia katika miji mingi ya Japani, Kobe ikiwamo. Mwaka 1921 Kagawa alisaidia kuanzisha chama cha ushirika mjini Kobe, ili watu wanunue vyakula pamoja bila kunyonywa na walanguzi. Mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo wa mafundi wa meli, akatiwa gerezani. Wakristo kadhaa walinung'unika kwamba mhubiri ameacha Injili na kushika mambo ya mishahara. Lakini mkulima aliyekwisha kupeleka kahawa yake katika chama cha ushirika, akaona tofauti ya bei, hatahitaji kuelezwa sana kwa nini mtu wa sala alijishughulisha na mizani na daftari.

Walakini huruma yake ilikuwa na doa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1915 juu ya hali ya maskini, aliandika maneno ya dharau juu ya Waburakumin, watu waliotengwa na Wajapani wenzao tangu kale, kana kwamba ubaya ulikuwa katika damu yao. Maneno hayo yamelaumiwa sana, na kwa haki. Mtu aliyelala chumba kimoja na maskini, akala chakula chao, bado aliweza kuwatazama wengine kutoka juu. Hilo lapasa kuogopwa kuliko trakoma, kwa maana mwenye ugonjwa huo wa moyo hajui kwamba haoni.

Baada ya tetemeko kubwa la ardhi la Septemba 1923 alikwenda Tokyo kuwasaidia waliopoteza nyumba, na huko ndiko alikofariki tarehe 23 Aprili, 1960. Chama cha ushirika cha Kobe kingali kinauza vyakula mpaka leo, na wanachama wake wamezidi milioni moja.