Akufaaye kwa Dhiki Ndiye Rafiki

Kaskazini ya Uingereza, katika nchi iliyokuwa zamani ya jimbo la Lancashire, uko mji uitwao Rochdale. Jina hilo si geni kwa karani ye yote aliyepata kushika vitabu vya chama cha ushirika. Huko, mwaka 1844, wafanyakazi 28 walichanga pauni moja moja, wakafungua duka la unga, siagi na sukari. Kanuni zao zilienea duniani, na njia ile ya ushirika ikafika hata Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa waliunda muungano wao wa KNCU mwaka 1933.

Lakini leo hatusemi habari za duka. Twasema habari za timu ya mji huo, Rochdale Hornets, ichezayo ragbi ligi, na za wapenzi wake ambao zamani walikwenda uwanjani kila juma, kisha wakabaki nyumbani. Twawaomba warudi, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, mchezo wenyewe ulizaliwa na haki ya mfanyakazi. Wachezaji wengi wa kaskazini walikuwa watu wa viwandani na wa migodini, na aliyeacha kazi Jumamosi ili akacheze alikatwa ujira wake. Mwaka 1893 wakubwa wa ragbi waliombwa huko London waruhusu afidiwe, nao wakakataa. Basi tarehe 29 Agosti 1895 vilabu vya kaskazini vikakutana katika hoteli ya George, mjini Huddersfield, vikajitenga. Na Hornets ilikuwa miongoni mwa vilabu 22 vilivyoanzisha umoja mpya. Fidia iliyoruhusiwa ilikuwa shilingi 6 kwa siku. Mtu aliyepata kukatwa mshahara hatauliza kwa nini waligombana kwa ajili ya shilingi 6.

Pili, timu hii imewapa watu wake furaha nyingi. Mwaka 1922 ilitwaa Kombe la Challenge kwa kuishinda Hull 10 kwa 9. Mwaka 1961 iliwafungulia mlango wachezaji kutoka visiwa vya Fiji, na wengine wakawafuata.

Kisha siku zikageuka. Uwanja wa Athletic Grounds, uliopokea watu 41,831 katika fainali ya mwaka 1924 kati ya Wigan na Oldham, uliuzwa, na mwaka 1988 Hornets wakahamia Spotland, uwanja wa timu ya soka ya mji. Super League ilipoanzishwa mwaka 1996 hawakuwamo. Klabu ilipolemewa na madeni, wapenzi waliisimamisha tena mwaka 2009 kwa njia ya ushirika, kama ilivyofaa mji ule. Uendeshaji huo haukudumu. Lakini ulionyesha kwamba klabu iliyokata tamaa yaweza kuinuliwa na watu wa kawaida wakiamua kuja.

Twayajua majibu ya waliojitenga. Mmoja husema, “Nitarudi watakapoanza kushinda.” Huyo twamjibu kwamba mchezaji hulipwa, mganga hulipwa, gari la safari hulipiwa, na sehemu ya fedha hizo hutoka mlangoni. Angojaye ushindi ndipo alipe kiingilio ni kama mkulima angojaye mavuno ndipo anunue mbegu.

Mwingine husema bado aipenda timu moyoni. Upendo huo hatuudharau, lakini mtunza fedha hana safu ya kuuandika katika daftari lake. Wa tatu huwalaumu viongozi. Yamkini ana haki. Basi na aende akayaseme mkutanoni, maana lawama za asiyehudhuria hazimrekebishi mtu. Wa nne husema timu kubwa huonekana katika televisheni bila kutoka nyumbani. Ni kweli. Lakini mtoto wa Rochdale atakaye kuwaona wachezaji kwa karibu, awajue kwa majina na atamani kuwa kama wao, atawaona wapi klabu ya mji wake ikifungwa?

Hatuwaombi mali. Twaomba kila mmoja aende katika mchezo mmoja wa nyumbani, alipe kiingilio chake, aketi mahali pake pa zamani, na achukue pamoja naye mtoto au jirani ambaye hajapata kwenda. Akiweza, arudi mchezo ufuatao. Mia wakifanya hivyo, mtunza fedha ataona tofauti jioni ile ile, na wachezaji watasikia sauti zao kabla ya hapo.

Nasi wanachama tusiyasome maneno haya kama habari za watu wa mbali. Katika kila chama yako majina yaliyolipa ada mwaka wa kwanza, yakapiga makofi siku ya sherehe, kisha yasionekane tena mpaka litokee jambo la kulalamikia. Mwenye jina lake humo analijua.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wapenzi wa Hornets, miaka ya dhiki ya timu yenu imekuwa mingi, na mlango wa Spotland hauwaulizi mlikuwa wapi. Nendeni.