Neno Moja, Mizani Nane

Majuzi nilimtumia mjane wa rafiki yangu ubeti wa rambirambi. Mshororo mmoja niliuanza hivi: "Kama taa aliwaka." Simu ikadhani nimekosea, ikaandika: "Karma taa aliwaka." Sikugundua hadi ubeti ulipokwisha kusomwa mbele ya wafiwa. Maana iliharibika, na hata mizani haikusalimika, kwani ile "r" isiyo na irabu huhesabiwa peke yake, nane zikawa tisa.

Aibu hiyo ndiyo iliyonisukuma kusoma kazi za wanazuoni wa vyuo vikuu wanaochunguza jinsi binadamu anavyotumia kompyuta, hasa wale wanaopima uandishi. Ni elimu ya kuheshimiwa. Mwaka 2003, Scott MacKenzie na William Soukoreff wa Chuo Kikuu cha York, Toronto, walitoa mkusanyiko wa vifungu 500 vya Kiingereza vya kupimia njia za kuandika. Mshiriki huonyeshwa kifungu, akakinakili, kisha kasi na makosa yake yakahesabiwa. Nia ilikuwa njema: watafiti wote wakitumia vifungu vilevile, matokeo yao yatalinganishika.

Sidai kwamba wao ndio walioichafua tanzia yangu. Ninachotilia shaka ni kipimo chenyewe. Kasi hutajwa kwa idadi ya maneno kwa dakika, na "neno" katika hesabu hiyo ni herufi tano, nafasi ikiwamo. Sasa chukua "hatutawapelekea". Herufi 15! Kwa kipimo hicho ni maneno matatu, kwa sarufi yetu ni neno moja, na kwa malenga ni mizani nane, yaani kipande kizima cha mshororo. Kitenzi chetu kimebeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa na kauli ya kutendea. Programu inayobashiri maneno kwa kutazama orodha ya maneno kamili itakiwekaje kitenzi kama hicho, ilhali kila kiambishi kikibadilika huzaliwa kingine?

Halafu kuna suala la kunakili. Mshairi hanakili. Huandika, akafuta, akanyamaza kutafuta kina, akarudia palepale. Ukimpima kwa saa utamwona mzembe, kumbe ndipo anapofanya kazi.

Wapo watakaoniambia tuzime usahihishaji, basi. Mimi nimekwisha kuuzima. Lakini vijana wengi hawauzimi, nami naona wanavyoandika "ngambo" badala ya "ng'ambo" kwa sababu kibodi yao imekificha kile kiritama katika ukurasa wa pili. (Ng'ombe naye ameshapoteza chake.) Herufi moja ya lugha yetu inafifia kwa uvivu wa kidole, na hakuna kikao chochote cha wanalugha kilichoamua hivyo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wa Kiswahili pale Mlimani na wataalamu wa kompyuta kule Kijitonyama. Natamani wakae meza moja, waandae vifungu vyao vya kupimia: mazungumzo ya sokoni, barua, habari za magazeti, na tungo za arudhi. Wawapime watu wanaotunga, si wanaonakili tu, na kasi waihesabu kwa silabi. Wakihitaji mishororo ya kuanzia, nami ninayo daftari zima, pamoja na ule ubeti wa tanzia, ukiwa na "kama" yake.