Springi Ngumu Haziongezi Breki

Haya wenzangu, leo tuache kompyuta kidogo, twende nyuma ya Probox.

Gari likishuka nyuma kwa sababu ya mzigo, huo ni ujumbe wa hitilafu, sawa na ule unaotolewa na programu ikikwama. Ukifunga springi ngumu zaidi ili lisimame wima, umeufuta ujumbe tu. Hitilafu bado ipo.

Sisemi usijifanyie kazi hii nyumbani. Inataka jeki, stendi mbili imara na spana. Badilisha pande zote mbili, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Lakini piga hesabu. Springi huhifadhi nguvu ya tuta, shokabzoba ndiyo huimaliza. Kwa mzigo uleule, ugumu wa springi ukiongezeka mara 2, kasi ya kudunda huongezeka kama mara 1.4. Ukiacha shokabzoba za zamani, nyuma itarukaruka na tairi zitapoteza mshiko.

Na hata ukibadilisha zote, breki, tairi na ekseli ni zilezile. Uzito wa juu uliowekwa na mtengenezaji haujapanda hata kilo 1. Dereva anaona gari limesimama vizuri, anaongeza gunia. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, hakuna springi itakayomsimamisha.

Basi badilisha springi kwa kuwa za zamani zimechoka, si ili ubebe zaidi. Au mnaonaje?